Kuigiza, kusuka, kuandika kumbukumbu au kusoma pamoja: kikundi chenu kichague warsha ipi?

Kikundi kina fedha kidogo, ukumbi wa kuazima, na watu ishirini na kitu walio tayari kutoa mchana wao. Sasa mnataka kuandaa warsha, na kila mtu ana lake. Mwalimu anapendekeza igizo. Mweka hazina anataka ufundi utakaoingiza chochote mfukoni. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anataka watu waelimishwe kuhusu malaria au lishe. Na yupo mama mmoja aliyefiwa mwaka jana ambaye hasemi kitu. Anakuja tu kwa sababu kukaa nyumbani peke yake kumemshinda. Wote wana hoja, lakini warsha moja haibebi yote hayo, na vikundi vingi huishia kuchagua kile ambacho mfadhili amezoea kukilipia.

Nitalinganisha aina nne ambazo zimejaribiwa kwa miaka mingi katika nchi zetu: igizo shirikishi, kazi za mikono, vitabu vya kumbukumbu, na vikundi vya kusoma na kusikiliza. Semina ya ukumbini, ile ya kusaini karatasi, kusikiliza mada tatu, kunywa chai na kupokea nauli, nimeiacha nje makusudi. Ina kazi yake serikalini na maofisini. Lakini mshiriki hatengenezi chochote ndani yake, na mtu asiyetengeneza kitu hubaki mgeni hata kwenye kikao cha mtaa wake mwenyewe.

Kabla ya kuuliza warsha ipi, ulizaneni ni jambo la namna gani linalowasumbua. Kuna jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelitamka hadharani. Kuna jambo ambalo watu hawalijui kabisa, au wanalijua nusunusu. Kuna jambo linaloumiza, lililokaa moyoni. Na kuna hali ya watu kuishi ukuta kwa ukuta bila sababu yoyote ya kukaa pamoja. Fedha nyingi za warsha hupotea pale dawa ya jambo moja inapopewa jambo jingine: mnatunga igizo kufundisha vipimo vya dawa, au mnagawa vijitabu kwa watu ambao tatizo lao ni woga wa mwenye nguvu mmoja wanayemjua kwa jina.

Igizo na kazi za mikono

Naanza na hizi mbili kwa sababu ndizo zinazogombaniwa zaidi, na kwa sababu zinafungua midomo ya watu kwa njia zinazopingana kabisa.

Igizo shirikishi lina historia ndefu Tanzania. Mwaka 1982 hadi 1983 wahadhiri wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kuandikwa. Wanakijiji ndio walioeleza matatizo yao, wakatunga, wakacheza na kuimba kwa ngoma zao. Mwaka 1996 njia hiyohiyo iliingia sekondari kwa jina la TUSEME, ikiwalenga wasichana, na baadaye FAWE, shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika, likaieneza katika nchi nyingine za Afrika. Mpangilio wa TUSEME unafaa kuigwa na klabu yoyote. Wasichana wanaanza kwa kuchunguza wenyewe: nini kinatukwamisha masomo? Wanahojiana, wanapanga majibu, wanatafuta chanzo. Ndipo wanatunga igizo, wanalionyesha mbele ya wenzao, walimu na jamii, wanajadili, na mwisho wanapanga hatua za kuchukua na kuzifuatilia. Ukiondoa uchunguzi wa mwanzo na ufuatiliaji wa mwisho, kinachobaki ni burudani ya siku ya wazazi.

Nguvu ya igizo ni kwamba linamkopesha mtu mdomo wa mwingine. Msichana ambaye hawezi kumwambia mwalimu wake neno anaweza kulisema lote akiwa amevaa koti la mhusika. Njia aliyoitengeneza Augusto Boal wa Brazil katika miaka ya 1970 inakwenda mbele zaidi: hadhira nayo inaingia mchezoni. Chukua igizo la baba anayetaka kumwoza binti wa kidato cha pili. Posa imeletwa, mama yupo pembeni, kimya, anapepeta mchele. Mwezeshaji anapiga makofi, wachezaji wanaganda. Anageukia hadhira: "Ungekuwa wewe ndiye mama huyu, ungefanya nini?" Mama mmoja anainuka, anauchukua ungo na kanga ya mchezaji, anajifunga, anakaa mahali pake. Anamwambia baba mtoto asome. Baba anamkatiza, anamkumbusha ada hailipiki kwa maneno. Mama wa pili anainuka, yeye hamjibu baba kabisa. Anatoka nje kwenda kumleta shangazi wa binti, maana anajua dada mtu atasikilizwa pale ambapo mke hasikilizwi. Wa tatu anataka kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na hadhira inamcheka, kisha inaanza kubishana kwa nini imecheka.

Kanuni moja inaamua kama zoezi hilo litafaa: anayecheza baba asikubali kirahisi. Akikubali kwa neno la kwanza ili watu wafurahi, hakuna aliyejifunza lolote atakalolitumia nyumbani. Mwezeshaji mzuri humnong'oneza mchezaji huyo kabla ya kuanza: akupe sababu ya kweli ndipo ulegee.

Igizo lina gharama yake pia, na gharama hiyo si ya fedha. Linasema hadharani. Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, ndiyo historia ambayo kila anayechagua njia hii anapaswa kuijua. Wafanyakazi na wakulima wa pale walijijengea ukumbi wa wazi, wakafanya mazoezi mbele ya yeyote aliyetaka kutazama, na watazamaji wakasahihisha lugha na matukio mpaka mchezo ukawa wao. Igizo hilo la Kikuyu lilianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Kabla Novemba haijaisha, leseni ilikuwa imeshafutwa, na mwisho wa Desemba mmoja wa waandishi wake aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ulibomolewa. Nayataja haya kwa heshima kubwa, maana ni ushahidi kwamba igizo la watu wa kawaida lina uzito. Lakini kikundi kijiulize kabla: jambo tunaloligusa ni la nani, na mwezeshaji akishapanda basi kurudi mjini, nani atabaki kulala kwenye mtaa huu? Jibu likiwa ni msichana wa miaka 15, basi igizo lifanyiwe kwanza ndani ya klabu, mbele ya watu wachache walioalikwa.

Kazi za mikono hazimtaki mtu asimame mbele ya yeyote. Keti na akina mama wanaosuka ukili, uone. Kila mmoja ana fungu lake la ukindu uliochanwa na kupakwa rangi, umelowanishwa kidogo ili usikatike. Macho yako chini kwenye vidole. Anayesema hatazamwi usoni, na anayesikiliza hana haja ya kujibu upesi, kwa sababu mikono inajaza ukimya. Maneno mazito hutoka katikati ya mazungumzo ya bei ya unga, na yakishatoka mtu anaongeza chane nyingine na kuendelea. Ukili ukirefuka, unakunjwa bunda. Siku moja kanda hizo zinashonwa mbavu kwa mbavu na kuwa mkeka, na kila aliyesuka anajua ni ukanda upi aliousuka siku gani.

Kwa hiyo mama yule aliyefiwa anaweza kuja majuma mengi bila kusema neno, na bado akawa mwanakikundi kamili. Kwenye igizo angeonekana hashiriki. Mimi hapa sina wasiwasi: kwa kikundi kipya, chenye watu wasiofahamiana vizuri au chenye majeraha, kazi za mikono zitangulie.

Mfano mzuri wa mafunzo, ubunifu na huduma kukaa sehemu moja ni Kituo cha Mabinti cha hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam, ambacho kimekuwa kikifundisha wanawake waliotibiwa fistula (jeraha la uzazi linalovujisha mkojo au kinyesi) kushona, kuchapa vitambaa na kutengeneza urembo wa shanga. Mwanamke aliyeishi ametengwa kwa sababu ya harufu na aibu haponi kwa upasuaji peke yake. Anahitaji kukaa tena na wenzake akiwa na kitu anachokijua kufanya. Kituo kimekuwa kikichukua kundi dogo na kulifundisha kwa muda mrefu, na huo muda ndio ambao warsha ya siku tatu haiwezi kuutoa.

Kasoro ya kazi za mikono ni ahadi ya fedha. Mwezeshaji akisema siku ya kwanza kwamba vikapu vitauzwa kwa watalii, watu watakuja kwa ajili ya vikapu kuuzwa, na visipouzwa wataondoka wakijiona wamedanganywa. Afadhali kusema wazi: tunakutana kusuka na kuzungumza, soko tutalitafuta tukiwa na kitu cha kuonyesha.

Kasoro ya pili ni kunakili. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia mbao laini za dari na rangi za baiskeli, akawafundisha ndugu na rafiki zake waliokaa naye na kutazama mkono wake. Alipofariki mwaka 1972 wao waliendelea, na ushirika wa wachoraji hao ukaandikishwa mwaka 1990. Ni mafanikio makubwa ya kufundishana bila darasa. Lakini anayetembea kwenye maduka ya wageni leo anaona pia picha zilezile za tembo na twiga zikirudiwa kwa sababu zinanunulika. Kikundi kikiletewa sampuli moja na kuambiwa kila mtu atoe kama hiyo, hapo kuna uzalishaji, ubunifu bado haujaanza. Njia rahisi ya kuuanzisha ni zoezi la kanga: kila mshiriki apewe karatasi ya manila na rangi, achore pindo na mji (sehemu ya kati ya kanga), kisha atunge jina la kanga yake mwenyewe. Vifaa ni vya bei ndogo, hakuna asiyeijua kanga, na majina yatakayotungwa yatawaeleza kuhusu mtaa wenu mambo ambayo dodoso lolote lisingeyapata.

Vitabu vya kumbukumbu

Katika miaka ya 1990, kabla dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hazijawafikia watu wa kawaida, akina mama wa Uganda waliokuwa wakiishi na virusi walianza kuandika vitabu kwa ajili ya watoto wao. Chama chao, NACWOLA, kilichoanzishwa mwaka 1992, kiliwafundisha kufanya hivyo kwa pamoja. Mama aliandika mtoto alizaliwa wapi, jina lake lilitoka kwa nani, alianza kutembea lini, aliugua nini utotoni, ukoo wa baba ni upi na wa mama ni upi, na mambo gani ya familia asiyasahau. Picha ikiwepo ilibandikwa. Mtoto ambaye angeachwa mdogo angebaki na jibu la "mimi ni nani" lililoandikwa kwa mkono wa mama yake.

Kazi hii ilifanywa kwenye warsha kwa sababu kila kitabu kinafika kwenye ukurasa mgumu: afya yangu. Ili kuuandika ukurasa huo, mama alilazimika kuamua atamwambia mtoto nini na lini, na wenzake waliokwisha kuvuka hapo ndio walioweza kumsindikiza. Leo dawa zipo na mama hao wengi wanawaona wajukuu. Bado sioni kama njia hii imepitwa na wakati. Inamfaa mgonjwa wa saratani aliye kwenye tiba shufaa (ya kupunguza maumivu), bibi anayelea wajukuu peke yake, na baba mzee anayeanza kusahau. Ningeongeza kurasa ambazo familia zetu huzijutia zinapokosekana: shamba linapakana na nani, nani alishuhudia lilipogawiwa, hati na kadi ziko wapi.

Kwa asiyeandika kuna ramani ya mwili. Khayelitsha, Cape Town, mwaka 2002, wanawake waliokuwa wakitumia dawa za kufubaza walilala juu ya karatasi kubwa, wakachorwa umbo zima, kisha kila mmoja akalijaza umbo lake kwa rangi: kovu lilipo, maumivu yanapokaa, nguvu inapotoka. Mchoraji Jane Solomon ndiye aliyewaongoza. Ukilinganisha na kitabu, ramani ya mwili inamwonyesha mtu alivyo sasa, na kitabu kinamwachia mtoto kilichopita. Mlezi aliyechoka, anayemgeuza mgonjwa kitandani usiku na mchana, atapata nafuu zaidi kwenye ramani. Mgonjwa mwenye watoto wadogo atahitaji kitabu.

Hii ndiyo warsha ninayowaomba watu wasiikurupukie. Kumfungua mtu kidonda saa nne asubuhi na kumpa nauli saa kumi jioni ni kumwonea. Msiifanye kama hamna mtu aliyefundishwa unasihi (ushauri nasaha), kutoka kliniki au ustawi wa jamii, atakayekuwepo siku hiyo na wiki zinazofuata. Msiifanye kwa siku moja. Vitabu visionyeshwe kwa wageni, visipigwe picha za ripoti, na kila mwenye kitabu aamue kitakaa wapi. Nyumba ya vyumba viwili haina siri, na daftari linaloeleza afya ya mama likiokotwa na shemeji linaweza kumfukuzisha. Mfadhili akitaka ushahidi, apewe idadi ya vikao na maoni ambayo wenyewe wameyaruhusu.

Kuna jambo jingine linalotofautisha warsha nzuri ya huduma na mbaya: watu wanabaki na nini cha kuwaunganisha. Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Humuliza uliofanya kazi na yatima wa Kagera tangu miaka ya 1990 haukuishia kwenye mafunzo ya walimu na walezi. Watoto na vijana wenyewe walipata chama chao, Vijana Simama Imara, wakakutana na kusaidiana. Yatima aliyekuwa anahudumiwa akawa pia mtu anayemtembelea mwenzake.

Kusoma na kusikiliza pamoja

Hii haina mvuto wa picha wala makofi, na ndiyo sababu inasahaulika. Lakini hakuna kati ya nyingine tatu iliyowahi kufikia watu wengi kama hii. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kwa wiki 12. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa, vijitabu vya lugha rahisi na redio. Walisikiliza kipindi, wakasoma sura inayohusika, wakajadili, kisha wakakubaliana la kufanya. Wakachimba vyoo, wakafyeka majani yaliyozunguka nyumba, wakaondoa maji yaliyotuama. Miaka miwili baadaye ikafuata Chakula ni Uhai kwa njia ileile.

Siri ilikuwa kwenye hatua ya mwisho, ile ya kukubaliana la kufanya kabla ya kipindi kijacho. Kikundi cha kusoma kisichomaliza kikao kwa kazi hugeuka darasa, kiongozi hugeuka mwalimu, na watu wazima huanza kutoa udhuru. Leo huhitaji kusubiri ratiba ya redio. Sauti zinarekodiwa kwenye simu, zinachezwa kwa spika ndogo, zinarudishwa nyuma palipo na utata. Msomaji mmoja anatosha kuwasomea kumi.

Ilinganishe na igizo. Igizo linaweza kumfanya baba akubali kwamba mtoto anayeharisha apelekwe zahanati leo, asisubiri kesho. Lakini kwamba pakiti moja ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, inachanganywa na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita moja, na kwamba mtoto aendelee kunyonya, haya hayakai kichwani kwa kuchekeshwa. Yanakaa kwa kusomwa, kuulizwa, na kila mmoja kuchanganya mwenyewe akitumia chupa iliyopo nyumbani kwake. Maarifa yenye vipimo, tarehe au masharti ya kisheria, kama vile mirathi, hati za ardhi au chanjo, yapelekeni kwenye kikundi cha kusoma.

Ramani ya ardhini ni nyongeza ndogo inayokwenda vizuri na njia hii: mnachora mtaa kwa majivu na mawe uwanjani, mnaweka majani palipo na visima na makaa pale maji machafu yanapotuama. Inachukua saa mbili. Isifanywe warsha peke yake.

Fedha, mwezeshaji na muda

Kikundi cha kusoma ndicho cha gharama ndogo kuliko zote. Kazi za mikono zinadai vifaa, lakini mwalimu kwa kawaida mnaye tayari, ni yule bibi ambaye hakuna aliyewahi kumwita mwezeshaji. Igizo linaonekana halina gharama kwa kuwa halina vifaa, kisha mnagundua kwamba siku nne tano za mazoezi zinahitaji chakula, na kwamba mwezeshaji asiye na uzoefu atawatungia mahubiri yenye mlevi mmoja wa kuchekesha. Lipeni mwezeshaji mzuri au msubiri. Kwa vitabu vya kumbukumbu, kaunta buku, gundi na kusafisha picha ni fedha ndogo. Kinachogharimu ni muda wa mnasihi, na hapo msipunguze hata kidogo.

Posho ni jambo la kuamuliwa mapema. Nauli ya anayetoka mbali ni haki yake, na chakula cha mchana pia. Lakini igizo na semina zimezoeleka kulipiwa, kusuka na kusoma hakujazoeleka. Ndani ya kikundi kimoja tofauti hiyo huzua manung'uniko. Kubalianeni kiwango kimoja kwa vikao vyote, hata kama kiwango hicho ni chai na mihogo tu.

Muda unachuja watu kuliko bango lolote la mwaliko. Msimu wa palizi, Ijumaa mchana, Jumapili asubuhi, saa za kuchota maji: kila moja inamwondoa mtu fulani. Igizo la jioni linawapata vijana na kuwapoteza akina mama. Kusuka saa tisa alasiri kunawapata akina mama na watoto wao, kwa hiyo tandikeni mkeka wa pili na mtafute msichana mkubwa wa kuwaangalia wadogo, naye alipwe. Asiyeona atasuka vizuri tu akionyeshwa kwa vidole; kwenye ramani ya mwili atahitaji mwenzake; kwenye igizo mara nyingi ndiye mwenye sauti bora, na huachwa kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Ningechagua nini

Klabu ya sekondari: igizo, kwa mpangilio wa TUSEME, uchunguzi ukitangulia. Kabla ya zoezi la kwanza, amueni mtoto akifichua ukatili wa kweli nani atampokea. Mwalimu wa ushauri nasaha, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na namba 116, inayopokea taarifa za watoto Tanzania na Kenya. Watoto wawe wanaijua namba hiyo kwa moyo kabla hawajaanza kutunga.

Wanaotunza wagonjwa nyumbani: kazi za mikono kila wiki, bila mada. Baada ya miezi kadhaa, wakitaka wenyewe na mnasihi akiwepo, ramani ya mwili. Na kwa familia zinazohitaji, kitabu.

Mtaa uliokumbwa na kipindupindu au mafuriko: kikundi cha kusoma na ramani ya ardhini mara moja. Igizo lije baadaye, likishughulikia swali la nani anaziba mtaro wa nani, kwa sababu hilo kila mtu analijua na hakuna anayelitamka.

Vijana wasio na kazi: hapa siwashauri warsha yoyote ya siku chache. Kijana anayehitaji ufundi akae kwa fundi, kama walivyokaa wanafunzi wa Tingatinga, kwa miezi au mwaka, na kikundi kitumie fedha zake kumlipia nauli na vifaa.

Na kama mmekaa vikao viwili na bado hamjakubaliana, tengeni sehemu ndogo ya fedha, mnunue ukindu au uzi na vitambaa, mkutane majuma machache. Mtu mmoja awe na kazi ya kusikiliza tu, aandike baada ya kikao, bila majina, mambo yaliyorudiwa. Yakiwa ni malalamiko dhidi ya mtu au desturi, nendeni kwenye igizo. Yakiwa ni maswali, tafuteni vijitabu. Yakiwa ni majina ya waliokufa, mwiteni mnasihi, na fedha zote zilizobaki muziweke kwenye kazi hiyo.